Siku ya Posa, Bwawa Likajaa

Mwali anayeposwa haonekani, hasikiki, wala hapigi chafya. Hayo Somoe alikuwa ameambiwa tangu alfajiri, na aliyemwambia alikuwa shangazi yake, Bi Hawa, mwanamke ambaye neno lake katika nyumba ya kaka yake halikuwa na rufaa.

"Utakaa humu chumbani," Bi Hawa alisema huku akimfukiza udi. "Washenga wakija, wewe kimya. Wakiondoka, kimya. Nikija kukuuliza kama umekubali, kimya pia. Kunyamaza ndiko kukubali kwenyewe."

"Na bwawa je, shangazi?"

"Bwawa? Kuna mtu kaja kuliposa bwawa?"

Somoe alicheka, akapigwa kofi dogo la bega kwa kucheka. Lakini masikio yake yalikuwa nje. Mvua ya siku tatu ilikuwa imekata usiku, na ukungu mweusi ulikuwa bado umelala juu ya mlima wa Makonde. Maji ya huko yalikuwa njiani, na yakiteremka hayaulizi nani anaposwa leo.

Bwawa la Namkoro si kubwa. Ukianza pingili ya muwa ncha hii ya tuta, utafika ncha ile hujaimaliza. Lakini kiangazi ndilo linalonywesha majaruba ya mpunga na bustani za kijiji kizima, na masika ndilo linalozuia maji ya mlimani yasivamie bonde lote mpaka Ruvuma. Lina lango moja la chuma, na lango lina hendeli moja ya kulizungushia, kwa maana ile ya pili iliibwa ikaenda kuuzwa chuma chakavu. Hendeli iliyobaki ililala chini ya kitanda cha Somoe tangu wakulima walipompigia kura, miaka miwili nyuma, awe mshika lango na mgawaji wa maji yao.

Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Shaweji maishani mwake. Somoe alimkuta asubuhi moja kule mkiani mwa mfereji, maji yanaingia kwenye jaruba lake siku isiyo yake.

"Kaka, leo zamu ya nani?"

"Ya jirani yangu."

"Na maji yanaingia kwa nani?"

Shaweji aliyatazama maji, akamtazama Somoe, akasahau alichoulizwa. "Dada, mimi hata sijui tena. Nifungie tu."

Akamfungia. Kesho yake Shaweji akaja kuuliza zamu yake ni lini, ingawa ratiba ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji. Keshokutwa akaja kuuliza tena, ati amesahau. Haukupita mwezi, Somoe akawa anamfuata yeye mwenyewe kumkumbusha, na kukumbushana huko kulikuwa kunachukua saa nzima.

Kikwazo kilikuwa Mzee Zuberi, baba wa Shaweji. Masika ya mwaka jana majaruba yake matatu yalizama, na mzee akatangaza kila kibarazani kwamba aliyemzamisha ni mshika lango, binti wa Hemedi. "Anayezamisha mpunga ataweza kupika wali?" alikuwa akisema, na watu wakicheka, basi naye anapata nguvu ya kusema tena.

Ukweli walikuwa wanaujua watu wawili tu. Asubuhi ile ya mwaka jana Somoe alikuwa ameshika hendeli, tayari kufungua, Mzee Zuberi akaja mbio juu ya tuta, akamshika mkono. "Mwanangu, ningoje mpaka alasiri. Mahindi yangu yako bondeni, niyavune kwanza." Somoe akamhurumia, akangoja. Alasiri ilipofika bwawa lilikuwa limejaa hata ikabidi lango lifunguliwe lote kwa mpigo, na maji yakachukua mahindi na mpunga pamoja. Mzee akaona aibu, na aibu yake akaigeuza lawama. Somoe hakusema, hata kwa Shaweji. Aliona kosa ni lake, mwenye hendeli ni yeye. Na kumuumbua mtu mzima mbele ya watoto wake hakukuwa katika malezi yake.

Shaweji alibembeleza mwaka mzima. Hatimaye mzee alikubali, lakini kwa sharti.

"Nitakwenda posani mwenyewe," alisema. "Nikimkuta katulia ndani kama watoto wa wenzake, nimekubali. Nikimwona nje na chuma chake, hapo hapo posa nimeiondoa, na usinitajie tena jina lake mpaka naingia kaburini."

Baba wa mwoaji haendi posani, hutuma watu. Kijiji kilishangaa, lakini nani atamwambia Mzee Zuberi? Ndiyo maana Somoe, siku hiyo ya Jumamosi, alikuwa amekubali kukaa chumbani na hina mikononi, na kazi ya kulitazama bwawa akamwachia rafiki yake Yustina, bibi shamba wa kata.

Saa nne washenga wakabisha hodi. Waliketi ukumbini, upande wa pili wa pazia, karibu kiasi kwamba Somoe alisikia kobazi zao zikivuliwa. Aliyepewa usemi alikuwa Mzee Mfaume, mtu wa maneno mengi na matamu.

"Sisi tulikuwa tunapita njia," alianza. "Tukaona katika nyumba hii kuna ua. Tukasema, hivi ua hili lina mwenyewe?"

"Maua yapo," alijibu Mzee Hemedi, baba wa Somoe. "Lakini mengine yana miiba."

"Miiba tumeisikia," sauti ya Mzee Zuberi ikadakia. "Tena tumeisikia sana."

Mzee Mfaume akakohoa. Katika posa za heshima baba wa mwoaji hata akiwapo hasemi. Kikapu cha ukindu kikasogezwa mbele, ndani yake khanga doti mbili, sukari na tambuu, na mama yake Somoe akakipokea kwa kigelegele kifupi cha adabu.

Hapo ndipo simu ya Somoe ilipotetemeka chini ya mto. Ulikuwa ujumbe wa Yustina: *Mwenzangu, imebaki shubiri moja kufika alama nyekundu ya hatari. Maji yanapanda haraka.*

Mkono wa Somoe ulikwenda wenyewe chini ya kitanda. Bi Hawa akawahi.

"Thubutu!" alinong'ona. Aliivuta hendeli, akaifunga katika khanga kuukuu. "Hii inatoka humu. Nakujua wewe, utanirukia dirishani."

"Shangazi, shubiri moja ni nusu saa!"

"Basi nusu saa uwe mwali. Wakiondoka nitakupa."

Akatoka nayo kuelekea jikoni. Somoe alibaki anahesabu. Nusu saa ilitosha, kama wazee wasingepewa chai mara ya pili. Wakapewa. Bi Hawa akarudi, akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya kusikika ukumbini: "Mwanangu Somoe, umeposwa na Shaweji bin Zuberi. Unasemaje?"

Somoe alinyamaza. Kifuani moyo ulikuwa unapiga ndiyo, ndiyo, ndiyo, lakini mdomo aliufunga kama alivyofunzwa.

"Amenyamaza!" Bi Hawa akatangaza. "Amekubali!"

Vigelegele vikapigwa. Somoe akajifuta machozi ya furaha haraka haraka, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kulia vizuri. Washenga wakapewa kikapu chao, wakaaga, bajaji ikanguruma. Haijatokomea, Somoe akawa jikoni.

"Shangazi, hendeli."

Bi Hawa alikwenda kwenye kona ya jiko. Akainua kawa, akainua ungo. Akasimama.

"Wifi," alimwita mama yake Somoe, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kile kikapu cha washenga kilichokuwa hapa?"

"Nimewarudishia wenyewe. Nimekijaza korosho na ming'oko ya kuchemsha juu yake. Kwani kikapu cha mkwe kinarudi kitupu?"

"Na ile khanga iliyokuwamo?"

"Niliikuta. Nilipoinua nikaona kizito, nikasema wifi yangu ana moyo, kashatia kitu kizuri chini."

Bi Hawa akakaa juu ya kinu. Alikuwa ameificha hendeli mahali ambapo Somoe asingethubutu kupekua, ndani ya kikapu cha wakwe, na sasa ilikuwa inaelekea kwa wakwe.

Simu ikalia. Yustina hakusalimia. "Imefika nyekundu! Somoe, uko wapi?"

"Naifuata bajaji," Somoe alisema, akafunga khanga kiunoni.

"Unaifuata wapi?" Bi Hawa aliruka kutoka kinuni. "Washenga hawakimbiliwi! Kitu kikishatoka na kikapu kikadaiwa, posa imerudi. Mababu na mababu ndivyo ilivyo. Na Zuberi mwenyewe yumo mle, anatafuta sababu kwa tochi!"

Somoe alisimama kizingitini. Aliiona posa yake ikitoka mikononi, mwaka mzima wa kungoja, na uso wa Shaweji akiambiwa kwamba basi. Ilimuuma kweli, aliumia mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akaziona nyumba kumi na mbili zilizo chini ya tuta, na watoto wanaocheza uani.

"Baba," alisema.

Mzee Hemedi alikuwa amesikia yote. Alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi siwezi kukutuma, mwanangu. Wala siwezi kukuzuia. Lango ni lako."

Akatoka mbio peku, hina mikononi, udi unanukia nyuma yake njia nzima.

Tope la Namkoro lilimsaidia. Bajaji ilikuwa imekwama mbele kidogo ya msikiti, gurudumu la nyuma linarusha matope, Mzee Mfaume kakunja kanzu anasukuma. Ndani alikuwa amebaki Mzee Zuberi, kikapu magotini, anatafuna korosho kwa raha zake zote.

"Hawa watu wana ukarimu," alikuwa akisema. "Kikapu kizito hiki, we sukuma tu."

"Shikamooni," alisema Somoe, akipiga goti matopeni.

Mzee Mfaume aligeuka, akashika kichwa. "Astaghafirullah! Si huyu huyu aliyenyamaza sasa hivi?"

Mzee Zuberi aliacha kutafuna. Alimtazama kutoka nywele mpaka miguu yenye tope, na macho yakamng'aa, kwa maana sharti lake lilikuwa limekuja lenyewe mpaka mlangoni mwa bajaji.

"Eh. Ndiyo kutulia ndani huku?"

"Baba, nisamehe. Naomba kilicho chini ya kikapu."

"Binti," Mzee Mfaume alisema kwa huruma, "unajua unalolitamka? Ukidai kitu, unarudisha posa."

"Najua, mzee. Naomba hivyo hivyo."

Mzee Zuberi alipenyeza mkono chini ya korosho na ming'oko, akatoa khanga kuukuu, akaifungua. Hendeli ya lango ikamkalia mapajani.

"Hiki ndicho mlichonipa nikapeleke nyumbani?"

"Kimeingia kwa bahati mbaya. Maji yamefika nyekundu, baba. Nikifungua sasa hivi, nusu lango, yatakuja kwako ya kifundoni na mpunga utasimama. Nikichelewa..."

Hakumaliza. Mzee Zuberi alikuwa mtu pekee, ukimtoa yeye, aliyejua nini hutokea akichelewa.

"Kumbe!" Mzee Mfaume akadakia. "Yaani kama mwaka jana. Wewe binti ulikuwa wapi mwaka jana, ukayaacha maji mpaka yakamzamishia mwenzio? Hebu tuambie leo."

Somoe alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo kwenye ulimi, tena la kweli, na lingemwokoa. Alimwangalia Mzee Zuberi. Mzee alikuwa amejikunyata kwenye kiti cha bajaji, vidole vimekishika kile chuma, anangoja kuumbuliwa.

"Mwaka jana nilichelewa, mzee," Somoe alisema. "Ndiyo maana leo nakimbia."

Dereva alizima injini. Mzee Zuberi aliweka kikapu pembeni, akateremka, akakanyaga tope na viatu vyake vya Ijumaa.

"Somoe," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Tangulia. Chuma hiki kizito, nitakibeba mimi."

"Zuberi!" Mzee Mfaume alipiga kelele. "Na posa imekuwaje? Imerudi au haijarudi?"

"Wewe sukuma bajaji!"

Juu ya tuta watu walikuwa wamejaa. Yustina alikuwa ameshika mwavuli uliogeuka nje ndani, anawazuia watoto wasisogee ukingoni. Na kwenye lango, magoti matupu, jembe begani, alisimama Shaweji. Mwoaji naye siku hiyo hakutakiwa kuonekana upande ule wa kijiji, lakini alikuwa ameliona wingu la mlimani mapema, akashinda asubuhi anazibua mitaro ya majaruba ya baba yake ili maji yakija yapite.

Alimwona Somoe. Somoe akamwona. Alikuwa hajawahi kumwona na hina, na macho yake yalisahau adabu kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa hadharani.

"Umependeza," alisema.

"Nina tope mpaka magotini."

"Hata hilo tope."

"Mtaangaliana baadaye," alisema Yustina. "Lango!"

Ndipo Shaweji alipomwona baba yake nyuma, na chuma mkononi. Uso ukamshuka. "Baba, tafadhali. Usiiondoe posa. Nakuomba mbele ya watu hawa wote."

Mzee Zuberi alikwenda moja kwa moja kwenye lango, akapachika hendeli, akazungusha mzunguko wa kwanza kwa nguvu zake mwenyewe, mishipa ya shingo ikamsimama. Lango likalia, likainuka kidogo. Maji yakachomoka chini kwa ngurumo, yakashika mkondo kuelekea bondeni, na jaruba la kwanza katika njia yao lilikuwa lake. Akayatazama yakienda. Kisha akageuka kwa watu.

"Sikilizeni. Mwaka jana binti huyu alitaka kufungua asubuhi. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Mimi ndiye niliyemwambia angoje, kwa ajili ya magunia mawili ya mahindi. Halafu nikazunguka kijiji kizima nikimsema. Na yeye hakunisema, hata leo alipoulizwa."

Shaweji alimtazama Somoe kana kwamba anamwona upya.

"Mwaka mzima, Somoe?" alisema. "Nilikuwa nakuuliza, unaniambia yamepita."

"Si yamepita?"

"Na wewe baba, ukanikataza mwaka mzima!"

"Nilikukataza kwa aibu yangu," Mzee Zuberi alisema. "Kila nikimwona huyu najiona mimi. Haya, zungusheni, mwanitazama nini?"

Somoe na Shaweji walishika hendeli pamoja, mikono minne juu ya chuma kimoja, hina na tope vikachanganyika. Walikuwa mzunguko wa tatu Bi Hawa alipofika juu ya tuta, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, pumzi hana.

"Zuberi!" alihema. "Kosa ni langu. Niliyeficha chuma ni mimi. Usimrudishe mtoto kwa ajili yangu!"

"Simrudishi mtu, Bi Hawa. Ila kuna jambo moja halijakamilika." Mzee Zuberi alimgeukia Somoe. "Kule nyumbani walinijibu wakubwa zako. Mimi sijakusikia wewe. Unamkubali huyu mwanangu, na mimi baba yake nikiwa mkwe wako, na mdomo wangu huu?"

"Wee!" Bi Hawa akainua kiatu. "Mwali hajibu mwenyewe! Akinyamaza ndiyo kakubali!"

"Huyu amenyamaza mwaka mzima, Bi Hawa," alisema Mzee Zuberi. "Imetosha. Leo nataka kumsikia."

Kijiji kizima kilimgeukia Somoe. Shaweji aliacha kuzungusha, hapumui, amekodoa macho.

"Namkubali!" Somoe alisema, kwa sauti iliyovuka ngurumo ya maji na kufika ncha ya pili ya tuta. "Na wewe baba nakukubali. Shaweji, zungusha, bado mizunguko minne!"